Kisigino chako kina nyuzi ngapi?

Nilianguka mnazini nikichuma nazi. Daktari alichora mistari miwili juu ya picha ya eksirei ya kisigino akasema "kumi na mbili". Kumi na mbili ya nini? (Mkwezi, Pemba)

Pole sana. Ni nyuzi 12 za pembe ya Böhler, iliyopewa jina la Lorenz Böhler, daktari mpasuaji wa Austria aliyeieleza mwaka 1931. Ukiutazama ubavuni, mfupa wa kisigino una vilele vitatu: wa mbele, wa kati na wa nyuma. Mstari mmoja huunganisha wa mbele na wa kati, mwingine wa kati na wa nyuma, kisha hupimwa pembe ndogo pale mistari inapokatana. Ni kama paa, kilele cha kati ndicho mgongo wake. Mtu akitua kwa visigino, mfupa ulio juu hushuka kama nyundo, mgongo ukadidimia na paa likalala. Pembe hupungua, pengine hadi sifuri au chini yake.

Vitabu husema kawaida ni 20 hadi 40, kwa hiyo 12 ni ya kutiliwa shaka. Omba na kisigino cha pili kipigwe picha. Kikiwa na 31, jibu umelipata: kile ulichoangukia kimedidimia. Na kama mgongo wako unauma, sema leo: takriban mmoja kati ya kumi wanaovunjika kisigino kwa kuanguka huwa ameumia uti wa mgongo pia.

Hiyo 20 hadi 40 ni kawaida ya nani? (Mwanafunzi wa radiolojia, Mbeya)

Swali hili nimelipenda. Böhler alikuwa na hospitali yake ya majeruhi Vienna tangu 1925, na visigino alivyovizoea ni vya huko. Baadaye watafiti wa Uganda, Malawi, Nigeria, Saudi Arabia na Uturuki walipima watu wao wenyewe. Wastani kwa kawaida huangukia humo humo, ila kila mahali wapo wazima waliozidi au kupungukiwa.

Usikimbilie kusema tofauti ni ya asili ya watu. Mguu ukilazwa upande kidogo wakati wa kupiga picha, namba hubadilika. Wapimaji wawili wakichagua kilele tofauti kidogo, hubadilika tena. Kabla ya kulinganisha nchi na nchi, mpe mwenzako picha zilezile apime bila kuona majibu yako. Wengi hushangaa hapo.

Mwanangu wa miaka 5 ameruka kutoka ukutani. Kipimo hiki kinamfaa? (Mama, Mombasa)

Si cha kutegemea. Sehemu kubwa ya kisigino chake bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei, hivyo kilele cha nyuma hakijakamilika. Asipotaka kukanyaga, mrudishe kwa daktari hata kama picha ni safi.

Pembe yangu ni 33, lakini kila asubuhi hatua ya kwanza ni kama nakanyaga msumari. (Mwalimu, Morogoro)

Pembe haihusiki na hilo. Maumivu ya hatua ya kwanza mara nyingi hutoka kwenye utando wa unyayo, na wenye "mwiba" (kichomozo cha mfupa chini ya kisigino) kwenye picha wapo wengi wasiosikia chochote. Anza kwa kunyoosha unyayo na misuli ya nyuma ya mguu kabla hujashuka kitandani, na hizo ndala zilizoisha soli zitupe.