Kitenzi "repel" hakitoshelezwi na "kufukuza" peke yake

Mwenzetu ameuliza kama kitenzi cha Kiingereza "repel" kinaweza kutafsiriwa "kufukuza" kila kinapotokea. Kazi yangu hapa Nairobi ni kutafsiri maandishi ya vibandiko vya bidhaa, na kwa uzoefu huo jibu langu ni hapana. Anayefukuzwa kwa Kiswahili huenda amekwisha kuingia ndani, ilhali "repel" humhusu anayekuja na kuzuiwa kabla hajafika. Aliye ndani akitolewa, Waingereza husema "expel". Vitenzi hivi viwili vina asili moja ya Kilatini, yenye maana ya kusukuma.

Katika habari za vita, mimi hutumia "kurudisha nyuma" au "kuzima shambulio". Waethiopia waliwarudisha nyuma Waitalia huko Adwa mwaka 1896. Ukiandika kwamba waliwafukuza, hujakosea sana, lakini picha ya adui anayesonga mbele kisha akazuiwa inafifia.

Penye utata mkubwa ni dawa za mbu. Mteja mmoja alitaka chupa ya losheni yenye DEET, kemikali ya kupaka ili mbu wasikuume, iandikwe "inaua mbu", kwa hoja kwamba maneno hayo yanauza zaidi. Nilikataa, kwa kuwa DEET haikukusudiwa kuua: mbu huukaribia mkono uliopakwa, akasita, akaenda zake akiwa mzima, pengine kwa jirani ambaye hakujipaka. Hapo "kufukuza mbu" kunafaa kabisa, na sioni haja ya kubuni neno jingine. Pareto, zao la maua ambalo wakulima wa Nakuru na Nyandarua wanalifahamu vyema, ina sifa zote mbili, yaani sumu yake huua wadudu na pia huwafukuza, kwa hiyo kibandiko chake kinastahili vitenzi viwili. Mnunuzi anayedhani amenunua dawa ya kuua atapuliza chumbani, afunge mlango na kulala bila chandarua, na hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kuhusu neno moja.

Kwa nguo zinazoitwa "water-repellent", "kufukuza maji" kunachekesha. Koti la aina hiyo ukilitazama mvua inapoanza, utaona matone yakisimama mabegani kama shanga, kisha yakiteleza. Lakini ukisubiri matatu kwa muda mrefu, maji hupenya kwenye mishono. Kwa hiyo mimi huandika "maji huteleza juu yake", na "halipitishi maji" nayahifadhi kwa koti ambalo kweli halipitishi. Kuhusu sumaku hakuna ugumu: ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana.

Kwa tabia ya mtu, maana huwa ni kuchukiza au kutia kinyaa. Kivumishi kinachofaa hapo mara nyingi ni "repulsive", huku "repellent" kikisikika zaidi kwenye dawa na vitambaa, ingawa wanafizikia nao huita nguvu ya kusukumana "repulsive" bila kinyaa chochote.

Kuhusu tahajia, wakati uliopita huandikwa "repelled", kwa "l" mbili, kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya mwisho. Msikichanganye na "repeal", yaani kufuta sheria: Kifungu cha 2A cha Katiba ya Kenya, kilichokuwa kimeifanya nchi kuwa ya chama kimoja, kilifutwa na Bunge mwaka 1991, na Kiingereza chake ni "repealed".