Nyumba ambayo aliyeijenga bado anapokea simu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukipata fedha za kununua nyumba, utanunua mpya au iliyokwisha kukaliwa? Najibu bila kusita: mpya. Nimezipita njia zote mbili hapa Arusha, na ile ya kwanza ilitunyima usingizi kwa miezi saba.

Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulipata nyumba ya zamani Sakina, si mbali na barabara ya Namanga. Vyumba vinne, mparachichi mkubwa uani, kivuli mpaka kwenye baraza. Aliyekuwa akiiuza alikuwa kaka mstaarabu, hati anayo mkononi, ila ilikuwa na jina la marehemu baba yake. Dalali akatuhakikishia kwamba hilo ni suala la kubadilisha jina tu. Tukatoa malipo ya awali, shilingi milioni 8. Wiki ya tatu wakafika dada zake wawili kutoka Rombo pamoja na mama yao mdogo. Yule mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, karibu sana, lakini sisi hatujauza."

Hawakuwa na kosa hata chembe. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na yule kaka hakuwa ameteuliwa. Hata mwenye nyumba akiwa hai, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kwenye nyumba ya zamani hununui kuta peke yake. Unaingia katikati ya ndugu, wake, watoto wa nje na ahadi ambazo mzee alizitoa bila kuziandika. Fedha zetu zilirudi kidogo kidogo, na nawashukuru wazee wa mtaa waliosimamia jambo hilo.

Nyumba tunayoishi sasa iko Moshono. Tuliinunua mwaka 2021 kwa mtu ambaye kazi yake ni kujenga na kuuza. Wakili wetu alipofanya upekuzi kwa msajili wa hati, akakuta jina moja tu na hakuna rehani ya benki. Mke wa muuzaji alikuja mwenyewe kutia saini ya ridhaa. Mambo yakaishia hapo. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: mita ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa mpya. Tangu mwaka huo kodi ya majengo inakatwa kupitia Luku, na mita ya zamani inaweza kukukabidhi deni la mtu usiyemjua. Pango la ardhi, ile ada ya kila mwaka ya kiwanja, nalo ni hivyo hivyo: deni linakaa kwenye kiwanja, halimfuati aliyehama.

Lakini faida iliyonigusa kuliko zote ni nyingine kabisa. Aliyeijenga nyumba yangu yuko hai, nina namba yake, na anakumbuka alichokifanya.

Tulipoiona mara ya kwanza, plasta ilikuwa haijapigwa. Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Niliona nondo za lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa macho yangu, nikahesabu mabomba, nikapiga picha kila ukuta kwa simu: bomba linapopita, waya unaposhuka, mahali pa swichi. Fundi bomba alinionyesha karo la maji machafu lilipo na mfuniko wake. Mwaka jana tulipotaka kufunga hita ya maji bafuni, sikuanza kubahatisha. Nilifungua picha, nikaona bomba liko kulia kwa shubiri mbili, tukatoboa kushoto.

Mfananishe na mjomba wangu kule Moshi, Kiusa. Nyumba yake ilijengwa kabla yeye hajazaliwa. Mabomba ni ya chuma, yameota kutu kwa ndani mpaka maji yanatoka rangi ya chai, na hakuna binadamu anayejua yamepita wapi. Uvujaji mmoja uliwafanya wavunje sakafu ya vyumba viwili. Nyaya zake hazina athi, yaani ule waya wa kupeleka shoti ardhini, na kila anapochomeka pasi shangazi anavaa ndala kwanza. Juu kuna paa la asbesto. Nyuzi za asbesto zikivutwa pumzini zinadhuru mapafu na kuleta saratani, kwa hiyo paa hilo halitobolewi wala kuvunjwa ovyo, na kulibadilisha kuna gharama ambayo haikuwemo kwenye bei ya nyumba.

Paa lina maana ya pekee kwetu wa Arusha. Maji yetu mengi ya ardhini yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru, na meno ya kahawia ya watoto tumeyaona wote. Nyumba mpya haiondoi floridi kwenye bomba. Ila bati langu ni safi, mifereji ilifungwa siku ile ile, na tanki likijaa wakati wa masika wanangu wanapata maji ya kunywa ya mvua, tukiyachemsha. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno. Kwa mama mwenye watoto wadogo, hilo peke yake lilitosha kunishawishi.

Masika ya kwanza maji yalipenya dirisha la sebuleni. Mkataba ulikuwa na miezi 12 ya muuzaji kurekebisha kasoro kwa gharama yake; nilipiga simu Jumatatu, Alhamisi fundi akawa juu ya ngazi. Nyufa nyembamba za plasta zilipojitokeza akaziziba bila maneno.

Najua mtaniuliza kwa nini hatukujenga wenyewe, kama wengi wetu tunavyofanya, tofali leo, bati mwaka kesho. Kwa sababu tungelipa kodi ya nyumba miaka yote hiyo huku simenti ikipanda bei. Waliojaliwa subira na kiwanja, wajenge.

Sitaki kuficha upungufu. Tulilipa zaidi kuliko bei ya Sakina, barabara yetu ni vumbi kiangazi na tope masika, na mparachichi niliopanda bado unanifika kiunoni. Tena upya wa rangi usikudanganye, maana jasi nzuri darini inaweza kufunika kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, za mbao mbichi. Jirani yangu wa kazini alikuwa karibu kulipia nyumba inayong'aa huko Olasiti. Nikamwambia amwombe muuzaji vitu vitatu: kibali cha ujenzi cha halmashauri, jina la mkandarasi ili alitafute Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na namba ya fundi bomba. Kibali alionyeshwa. Jina la mkandarasi alipewa. Namba ya fundi wakaanza kutazamana. Amerudi kutafuta upya, safari hii anaangalia zile ambazo bado hazijapigwa plasta.