Riba ya Benki Kuu imeshuka, mbona mkopo wangu haujashuka?

Ndugu yangu wa Masasi, swali lako ni la haki: Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake toka asilimia 6 hadi 5.75, ila benki bado inakutajia riba ileile kwa mkopo wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Riba hiyo huongoza kwanza mabenki yanapokopeshana yenyewe. Kwako hufika polepole, tena benki huongeza riba kwa hofu ya korosho kuharibika.

Usisubiri tangazo la riba la Benki Kuu la robo mwaka ijayo. Mimi nilisubiri, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukala maua yote.

Uliza kama riba inaweza kubadilika katikati ya mkataba, na jumla utakayorudisha. Omba marejesho yaanze baada ya minada ya korosho ya Oktoba. Ukiweka shamba rehani, mwone mwanasheria kwanza.