Field ya fiziotherapia Ujerumani: usimwite mgonjwa bibi

Mdogo wangu umeuliza utaongeaje na wagonjwa kwenye field Ujerumani wakati Kijerumani chako bado cha kuungaunga. Lugha utaipata, kitakachokusumbua zaidi ni mazoea yetu. Mimi wiki ya kwanza nilimwita mama mmoja wa miaka 80 "Oma", yaani bibi, nikijua namheshimu kama huku nyumbani, akanikazia macho akasema yeye sio bibi yangu. Kule ni Frau (Bi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo, basi. Halafu hii "pole" yetu haina mwenzake kamili kwa Kijerumani, nilimwambia mzee aliyewekewa goti bandia "tut mir leid", ambayo pia ndiyo samahani yao, akaniuliza, kwani umenifanya nini? Nikajifunza kuuliza tu maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 halafu namsubiri akunje goti mwenyewe taratibu, mkono wangu uko chini ya kisigino. Na kabla hujamshika mtu sema "darf ich?", yaani naruhusiwa, usubiri ajibu. Akikwambia zoezi halimfai hajakudharau, ndo wanavyoongea, na wewe usipoelewa sema hapohapo, usiitikie ndiyo ndiyo kwa adabu, msimamizi atadhani umeelewa atakuachia mgonjwa peke yako.