RF yangu hasi, ya dada yangu chanya: nani ana baridi yabisi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, ni fundi cherehani hapa Tanga. Huu ni mwezi wa nne sasa vidole vitatu vya kila mkono vinavimba pale vinapoungana na kiganja, na vifundo vya mikono yote miwili pia. Nikiamka siwezi kushika mkasi mpaka saa nne. Nilipima RF, kile kipimo cha damu cha baridi yabisi, majibu yakawa hasi, nikaambiwa sina baridi yabisi, nikapewa diklofenaki. Dada yangu ana miaka 58, anaumwa magoti akipanda ngazi tu, viungo vingine vizima. Yeye RF yake ni 28, kikomo cha kawaida 20, na ameambiwa anao ugonjwa. Nani mgonjwa kati yetu? Nirudie kipimo?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa ulivyoeleza, ninayemhofia ni wewe.

RF ni kingamwili inayoshika kingamwili nyingine za mwili uleule. Erik Waaler wa Norwe aliieleza mwaka 1940, na mpaka leo ndiyo kipimo cha kwanza kuandikwa mtu akilalamikia viungo. Shida yake ni kwamba huonekana pia kwa mwenye homa ya ini B au C, kifua kikuu, ugonjwa wa kukauka macho na mdomo, na hata kwa wazee wasioumwa chochote. Kwa upande wa pili, inawakosa karibu wagonjwa 3 katika kila 10.

Chukua watu 1,000 wa mtaani, tuseme 10 kati yao wana baridi yabisi ya kweli, yaani ile ambayo kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo. RF itawanasa kama 7. Lakini kati ya wale 990 wasio nayo, karibu 150 nao watatoka chanya. Kwa hiyo jibu chanya kwa mtu ambaye hakuna kiungo kilichovimba halisemi mengi. Huyo ndiye dada yako. Maumivu ya magoti kwenye ngazi, katika umri wake, mara nyingi ni gegedu lililochakaa, na dawa za baridi yabisi hazitamsaidia.

Wewe una viungo vinane vilivyovimba, pande zote mbili, na ukakamavu wa saa kadhaa kila asubuhi. Hayo ndiyo ushahidi, na RF hasi haiyafuti. Uliza pia kipimo kilifanywaje. Maabara nyingi ndogo hutumia lateksi, yaani chembe ndogo sana zilizopakwa kingamwili: tone la majimaji ya damu linachanganywa na tone la lateksi juu ya kigae, kisha fundi anaangalia kwa macho kama chembe zinagandana. Kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, chembe zinaweza kushindwa kugandana na jibu likasomwa hasi, mpaka damu ichanganywe na maji ya chumvi na kupimwa upya. Kama cheti chako kina neno tu bila namba, omba kipimo kinachotoa namba.

Lakini kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, usirudie RF. Pima anti-CCP. Hiki kinatafuta kingamwili dhidi ya protini zilizobadilishwa kikemikali, pale ajinini inapogeuzwa kuwa sitrulini. Uwezo wake wa kunasa wagonjwa hauizidi RF, bali hukosea mara chache zaidi: kwa watu 100 wasio na ugonjwa, kama 5 tu ndio hutoka chanya, wakati RF ni kama 15.

Kwako kipimo hiki kina uzito wa pekee. Vigezo vya mwaka 2010 vya vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vinataka alama 6 kati ya 10. Viungo vidogo vinne hadi kumi ni alama 3, kuumwa wiki 6 au zaidi ni 1, na CRP au ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, ikiwa juu ni 1. Zako zikiwa juu, jumla ni 5. Anti-CCP ikiwa juu zaidi ya mara tatu ya kikomo inaongeza 3, ikiwa juu kidogo 2, na hapo unavuka. Hata ikitoka hasi, usikubali kufukuzwa: vigezo hivyo vilitungwa kupanga wagonjwa wa tafiti, na daktari anayeona utando umevimba, kwa mikono yake au kwa altrasaundi, anaweza kuanza tiba.

Jambo moja mwambie daktari bila kuulizwa: je, yote yalianza na homa kali ya ghafla? Chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilielezwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, inaweza kuacha viungo vimevimba kwa miezi, ikifanana sana na haya yako.

Usinunue prednisoloni dukani kabla hujachunguzwa. Itashusha uvimbe na CRP, na daktari atakuta mikono isiyoeleza kitu. Piga picha mikono yako ukiamka, uende nazo. Kama unatarajia kushika mimba, sema mapema, maana methotreksati, dawa inayoanzwa mara nyingi, inadhuru mimba. Usisubiri mwaka uishe, mfupa ukishalika haurudi.

Dada yako apimwe homa ya ini B na C, aulizwe kuhusu kikohozi cha muda mrefu na ukavu wa macho, kisha magoti yake yachunguzwe. RF yake haina haja ya kurudiwa, isipokuwa siku viungo vyake vitakapovimba.