Nyota inalipuka kila baada ya saa chache, mbona haiishi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita, Masasi. Nimesikia kuna nyota za nyutroni zinazolipuka na kutoa eksirei, tena kila baada ya saa chache. Mbona haziishi? Na milipuko hiyo inatufundisha nini?

JIBU: Marahaba. Kinacholipuka ni ngozi tu, nyota yenyewe haiguswi. Nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa mno cha nyota kubwa iliyokufa, ikiwa karibu na nyota mwenza humnyonya haidrojeni na heliamu. Gesi hiyo hujilundika juu yake, unene wa mita chache, hubanwa na kupata joto mpaka myeyungano wa nyuklia (viini vya atomi kuungana) unapowaka wote kwa mpigo. Eksirei hupanda ndani ya sekunde moja hivi, halafu hufifia kwa sekunde 10 hadi 100. Muda huo mfupi hutoka nishati ambayo Jua letu huchukua siku kadhaa kuitoa.

Sasa, kwa nini haisambaratiki? Gramu moja ya gesi ikianguka juu ya nyota hiyo hutoa nishati makumi ya mara kuliko itakayotoa ikiungua kinyuklia. Kwa hiyo moto huo hauna ubavu wa kuirudisha gesi ilikotoka. Majivu hubaki palepale, gesi mpya hutua juu yake, na kazi huanza upya.

Faida kubwa ni kupima ukubwa. Mlipuko unapopoa joto hushuka, lakini eneo linalong'aa hubaki karibu lilelile: ni uso mzima wa nyota. Tumia kanuni ya Stefan na Boltzmann unayoijua, inayounganisha mng'ao, joto na eneo la uso. Weka joto la kelvini milioni 25 na mng'ao wa wati 2.8×10³¹, utapata nusu kipenyo cha kilomita 10, kama Mtwara mjini hadi Mikindani. Na humo mna maada kuliko ya Jua zima!

Ila usiziamini namba hizo kupita kiasi. Angahewa ya nyota hupotosha joto tunalosoma, na umbali wake mara nyingi ni makisio. Hapo milipuko mikali zaidi hutuokoa: ikifikia kikomo cha Eddington, yaani mng'ao ambao msukumo wa mwanga hulingana na mvutano wa nyota, mwanga huvimbisha gesi ya juu, na kwa kuwa kikomo hicho kinakokotoleka, umbali nao hupatikana.

Milipuko mingine hupepesa, yaani mng'ao wake hupanda na kushuka haraka. Mwaka 1996 nyota 4U 1728-34 ilionekana ikipepesa mara 363 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya kujizungusha kwake.

Mlipuko mmojawapo wa mwanzo kabisa ulinaswa mwaka 1975 na satelaiti ya Uholanzi, kutoka kundi la nyota NGC 6624, upande wa kundinyota la Mshale (Sagittarius). Katikati ya Agosti, saa tatu usiku, Mshale uko juu kabisa kwenu, umeelemea kusini kidogo. Mlipuko wenyewe hutauona hata kwa darubini nzuri, maana hewa yetu huzuia eksirei zote za angani.