Asiyeona kupanda SGR peke yake

Umeuliza kama ndugu yako asiyeona anaweza kupanda SGR, treni ya reli ya kisasa ya Nairobi–Mombasa, peke yake. Anaweza. Mimi sioni na nimeshaenda na kurudi. Ila afike mapema, saa nzima au zaidi, maana kazi yote iko mlangoni, kwenye ukaguzi. Pale Syokimau, kituo cha Nairobi, mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria wanasogea pembeni, mbwa anapita akinusa. Hapo ndipo begi linapopotea! Langu nimelifunga kipande cha taulo kwenye mshikio. Nikipapasa tu nalijua. Fimbo nyeupe asiiachie, amwambie askari mapema kwamba ndiyo macho yake.

Akitokea msamaria wa kumkamata mkono na kumburuta (hawakosi), amwambie kwa upole, "Samahani kaka, niache mimi nikushike." Ashike juu kidogo ya kiwiko, mwenzake atangulie nusu hatua. Wakifika kwenye ngazi atasikia mkono ule ukipanda kabla yake.

Kwenye jukwaa, popote penye vigae maalumu vya wasioona, vya kupapasa kwa mguu au fimbo, vipele maana yake simama, michirizi maana yake fuata. Ni ubunifu wa Mjapani, Seiichi Miyake. Vya kwanza viliwekwa Okayama mwaka 1967. Pasipo na vigae hivyo asikaribie ukingo bila mtu. Namba ya behewa na ya kiti azikariri kabla ya kutoka nyumbani. Na mwenyeji wake ampokee palepale Miritini, kituo cha Mombasa, mjini bado ni mbali.